Brauni si lazima iwe dona: kumchagulia mtoto mkate wa ngano nzima

Mwambie Mangi wa dukani kwenu akupe mkate wa ngano nzima. Atakutazama kidogo, kisha atanyoosha mkono kwenye shelfu la juu: "Wa brauni, dada?" Utaitikia, utalipa zaidi ya bei ya mkate mweupe, na utarudi nyumbani umeridhika kwamba leo mtoto atakula kitu cha maana. Mimi nilifanya hivyo karibu miaka miwili. Siku moja, nikisubiri maji ya chai yachemke, nikageuza mfuko na kusoma yale maandishi madogo. Kiungo cha kwanza kilikuwa unga wa ngano wa kawaida. Cha tatu kilikuwa sukari. Karibu na mwisho, baada ya hamira na chumvi, ikaandikwa rangi ya karameli. Ulikuwa mkate mweupe uliopakwa hina.

Kwenye mahindi hatudanganyiki kirahisi hivyo. Kila mtu anajua kwamba sembe ni mahindi yaliyokobolewa na dona ni mahindi yaliyosagwa na vyake vyote, na anayekuuzia sembe akaiita dona utamgundua ukishika unga tu. Ngano haikutupatia maneno mawili kama hayo, labda kwa sababu wengi wetu tumeikuta tayari iko ndani ya mfuko, imeshasagwa na mtu tusiyemjua. Basi nitayaazima ya mahindi: mkate mweupe ni wa sembe ya ngano, na huu tunaoutafuta ni wa dona ya ngano. Maswali ya mzazi yako mawili. La kwanza, mkate huu ni sembe au dona? La pili, ambalo watu husahau kuliuliza: mtoto huyu, kwa umri wake huu, anahitaji dona kiasi gani?

Kinachobaki kinuni

Punje ya ngano ina sehemu tatu. Nje kuna pumba, matabaka magumu yanayobeba nyuzinyuzi (wataalamu wa lishe wa Tanzania huziita makapimlo), sehemu kubwa ya madini na vitamini kadhaa za kundi B. Pembeni, ndani ya punje, kuna kiini ambacho kingechipua kuwa mmea. Hicho ni kama asilimia 3 tu ya uzito wa punje, lakini kimejaa mafuta mazuri, vitamini E na vitamini B1. Sehemu ya tatu, zaidi ya asilimia 80 ya punje, ni wanga na protini: akiba ambayo mche mchanga ungekula kabla haujaota majani. Unga mweupe ni sehemu hii ya tatu peke yake. Ukipeleka kilo 100 za ngano kwenye kinu cha unga mweupe utarudishiwa kilo 75 hivi, na zilizobaki zitaliwa na ng'ombe na kuku wa watu.

Upungufu wenyewe si mdogo. Gramu 100 za unga wa ngano nzima zina nyuzinyuzi gramu 10 hivi, ilhali unga mweupe una chini ya 3. Madini ya chuma na zinki katika unga mweupe ambao haujaongezwa kitu ni kama theluthi moja ya yale yaliyo kwenye unga mzima, au pungufu ya hapo. Magnesiamu ndiyo hupotea zaidi.

Kisa kilichowafungua macho watu kuhusu jambo hili hakikuwa cha ngano bali cha mchele. Mwishoni mwa karne ya 19, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman alikuwa Batavia, mji unaoitwa leo Jakarta, akitafuta kijidudu kinachosababisha beriberi, ugonjwa uliokuwa ukilegeza miguu ya watu na kuwaua. Kuku wa maabara yake wakaanza kulegea miguu vilevile. Kisha ghafla wakapona. Alipofuatilia aligundua kwamba walikuwa wakilishwa wali mweupe uliobaki jikoni mwa hospitali ya jeshi, mpaka alipokuja mpishi mpya aliyekataa katakata wali wa kijeshi kulishwa kuku wa kiraia. Kuku wakarudishiwa mchele usiokobolewa, miguu ikapata nguvu. Hakukuwa na kijidudu chochote. Kilichokosekana ni kitu kilichokuwa kwenye ganda la mchele, tunachokiita leo vitamini B1, na mwaka 1929 Eijkman alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Mwingereza Frederick Hopkins. Ninampenda sana yule mpishi, ambaye ukaidi wake ulifanya kazi ambayo darubini haikuifanya.

Lebo husomwa kwa nyuma

Mbele ya mfuko ni mahali pa biashara. Hapo utakuta picha ya suke la ngano, jua linachomoza, na maneno kama "brown", "multigrain" au "high fibre". La kwanza linataja rangi. La pili linasema tu kwamba kuna nafaka zaidi ya moja, na hata zikiwa saba zote zinaweza kuwa zimekobolewa. La tatu, yaani nyuzinyuzi nyingi, linaweza kuwa kweli, kwa sababu kuna waokaji wanaochukua unga mweupe na kurudishia pumba kidogo. Mkate huo una nyuzinyuzi kuliko mweupe mtupu, lakini kiini hakijarudi. Ni sembe iliyonyunyiziwa pumba.

Ukweli uko nyuma, kwenye orodha ya viungo. Kanuni za kimataifa za chakula, ziitwazo Codex, na viwango vya Afrika Mashariki vinavyozifuata, zinataka viungo vipangwe kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Kwa hiyo soma neno la kwanza kabla ya yote. Lebo zetu nyingi ni za Kiingereza, na tofauti yote imekaa kwenye neno moja: "wheat flour" ni unga mweupe, hata kama jina la ngano limetajwa kwa mbwembwe, na "whole wheat flour" au "wholemeal flour" ndiyo dona. Ukikuta vyote viwili, tazama kipi kimetangulia. Ukikuta unga mweupe, halafu maji, halafu sukari, na unga mzima uko baada ya sukari, huo mkate unatumia dona kama sisi tunavyotumia iliki kwenye chai.

Kwa ndugu walioko ughaibuni kazi ni nyepesi kidogo. Uingereza, kanuni za mkate na unga za mwaka 1998 zinalinda neno "wholemeal": unga wote wa mkate huo lazima uwe mzima. Ujerumani, mkate unaoitwa Vollkornbrot lazima angalau asilimia 90 ya nafaka yake iwe nzima. Lakini huko pia neno la Kiingereza linalomaanisha "kahawia" halikuhakikishii kitu, na nimeona jamaa wakilibeba kutoka dukani kwa imani ileile niliyokuwa nayo mimi kwa Mangi.

Mkate ukiwa na jedwali la virutubishi, kuna hesabu ndogo ya kufanya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walilinganisha mwaka 2013 njia mbalimbali za kutambua vyakula vya nafaka nzima, na iliyofanya vizuri haikuwa nembo wala jina. Ilikuwa kugawa. Chukua gramu za wanga wote, yaani kabohaidreti, gawa kwa gramu za nyuzinyuzi. Jibu likiwa 10 au chini ya 10, chakula hicho kinakaribia uwiano wa ngano yenyewe ilivyoumbwa. Tuseme mkate mmoja una wanga gramu 45 na nyuzinyuzi 6: jibu ni 7.5, chukua. Mwingine una wanga 49 na nyuzinyuzi 2.5: jibu linakaribia 20. Huo ni sembe, uwe na rangi gani.

Sukari nayo ina hesabu yake. Hamira haihitaji sukari nyingi kufanya kazi. Sukari nyingi imewekwa kwa ajili ya ulimi. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana isifike asilimia 5. Kwa mtoto wa miaka miwili au mitatu, hiyo ya chini ni kama gramu 14 kwa siku nzima. Slesi mbili za mkate wenye gramu 8 za sukari kwa kila gramu 100 zinampa gramu 5 hivi. Weka kikombe cha chai chenye vijiko viwili vya sukari, na siku ya mtoto imekwisha kabla ya saa tatu asubuhi.

Chumvi huwashangaza wazazi zaidi, kwa sababu mkate hauonji chumvi. Mikate mingi ya kiwandani ina kama gramu 1 ya chumvi kwa gramu 100. Mwongozo wa afya wa Uingereza unaweka kikomo cha gramu 2 kwa siku kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu, kwa hiyo slesi tatu zinakaribia nusu ya kikomo kabla hujagusa mchuzi. Lebo ikiandika sodiamu badala ya chumvi, zidisha kwa 2.5 upate chumvi.

Na mkate wa mwokaji wa mtaani, usio na lebo? Muulize. "Kaka, kwa kilo kumi unaweka atta kilo ngapi?" (atta ndiyo unga wa ngano nzima) ni swali halali na waokaji wengi hulijibu bila kinyongo. Jicho nalo husaidia kiasi. Mkate wa dona una madoadoa ya pumba, ni mzito mkononi, na ukiubonyeza haunywei kama sifongo. Wa karameli una rangi moja iliyotulia, kama chai ya maziwa.

Usimtukane mweupe bado

Hapa inabidi nimtendee haki mkate mweupe, maana kuna makala nyingi zinazouita takataka, na kwa Afrika Mashariki hilo si kweli. Tanzania iliweka kanuni mwaka 2011 za kuongeza virutubishi kwenye unga wa ngano wa viwandani, Uganda ikafanya hivyo mwaka huohuo, na Kenya ikafuata mwaka 2012. Unga mweupe unaofuata kanuni hizo huongezwa madini ya chuma na zinki, asidi ya foliki na vitamini B12. Ile B12 haimo hata kwenye ngano nzima, kwa sababu kwa asili tunaipata kwenye vyakula vya wanyama.

Kwa hiyo unga mweupe ulioongezwa virutubishi unaweza kumpa mtoto chuma zaidi kuliko atta iliyosagwa kienyeji isiyoongezwa kitu. Kisichorudishwa ni nyuzinyuzi, magnesiamu, vitamini E na vitu vidogo vidogo vingine vya pumba na kiini. Ukilazimika kuchagua kati ya mkate mweupe wa unga ulioongezwa virutubishi, usio na sukari nyingi, na brauni ya karameli yenye sukari na bei ya juu, mimi nachukua mweupe, na fedha inayobaki inanunua mayai mawili.

Chai, ambayo hakuna anayeilaumu

Sasa tufike mahali ambapo ngano nzima inakuwa na utata. Pumba hizohizo zinazobeba chuma na zinki zina kitu kinachoitwa faiteti, ambacho hushika madini na kuyazuia yasifyonzwe tumboni. Ndiyo maana huwezi kusoma "chuma miligramu kadhaa" kwenye lebo ukadhani yote yataingia mwilini. Bahati nzuri ngano ina kimeng'enya chake cha kuvunja faiteti, nacho hufanya kazi unga unapolowa na kuumuka. Kadiri donge linavyopewa muda, ndivyo faiteti inavyopungua. Unga uliochachushwa usiku kucha huushinda ule ulioumuliwa nusu saa kwa hamira nyingi. Kwa upande huo mkate wa dona ulioumuka vizuri ni bora kuliko chapati ya atta iliyokandwa na kupikwa papo hapo. Nasema hivyo nikijua nitachukiwa na wapenda chapati, nami ni mmoja wao.

Lakini faiteti ni mdogo mbele ya mshirika wa kudumu wa mkate kwenye meza zetu. Mwaka 1999 kulichapishwa utafiti ambao watu wazima walipewa mlo wa mkate pamoja na vinywaji tofauti, kisha kupimwa chuma kiasi gani kimefyonzwa. Chai nyeusi ilipunguza ufyonzwaji wa chuma kwa asilimia 79 hadi 94. Kuongeza maziwa hakukubadilisha mambo. Yaani wewe unahangaika dukani kutafuta mkate wenye chuma, unamkatia mtoto vipande, halafu unaweka pembeni kikombe kinachokifungia chuma hicho mlango.

Hili si jambo dogo kwetu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa Tanzania wa mwaka 2022 ulikuta karibu watoto 6 katika kila 10 wa umri wa miezi 6 hadi 59 wana upungufu wa damu. Malaria na minyoo wana sehemu yao, na chai si mshitakiwa pekee. Ila katika vitu vyote vinavyoweza kubadilishwa kesho asubuhi bila gharama, hiki ndicho cha kwanza. Mtoto mdogo hahitaji chai. Mpe maji, au maziwa kama umri unaruhusu, na chai ya watu wazima ibaki ya watu wazima. Kama bibi yake hawezi kunywa chai bila mjukuu pembeni, na kwetu hawezi, basi kikombe cha mjukuu kiwe na maziwa ya moto na iliki, au mkate uliwe kwanza na chai nyepesi ije baada ya saa moja hivi.

Upande wa pili kuna vitu vinavyomfungulia chuma mlango. Vitamini C ni mmoja, na pera letu la kawaida lina vitamini C nyingi kuliko chungwa. Nusu pera, kipande cha chungwa au embe bivu pamoja na mkate vinatosha. Nyama na samaki hufanya kazi hiyohiyo. Mkate uliopakwa maharage yaliyopondwa, nyanya mbichi juu yake, ni chakula cha mtoto ambacho sioni kikiandikwa popote na ambacho wangu anakila bila kubembelezwa.

Tumbo lenye ukubwa wa ngumi

Swali la pili tuliloliacha mwanzoni, la umri, ndilo linalowakosesha hata wazazi waliosoma lebo vizuri. Kilicho kizuri kwa baba mwenye sukari si lazima kiwe kizuri kwa mtoto wa miezi kumi. Mtoto mdogo ana tumbo dogo na mahitaji makubwa ya nishati kwa kila kilo ya mwili wake. Nyuzinyuzi hujaza tumbo bila kuleta nishati ya maana. Ukimlisha dona tupu, anashiba kabla hajapata mafuta, protini na nishati ya kutosha, na wewe unamwona ameshiba ukadhani mambo ni mazuri. Huduma ya afya ya Uingereza inasema wazi kwamba watoto wa chini ya miaka 2 wasipewe vyakula vya nafaka nzima peke yake.

Katika miezi 6 ya kwanza hakuna mkate, ni maziwa ya mama. Kuanzia miezi 6 mtoto anaweza kuonja ngano, na hakuna faida ya kuichelewesha mwaka mzima. Anza kidogo na umwangalie kama ana mzio, hasa kama kwenye familia kuna watu wa hali hiyo. Mkate laini mbichi hugeuka donge linalonata kwenye kaakaa, kwa hiyo upashe kidogo moto ukauke, ukate vijiti vyembamba ambavyo mtoto anaweza kushika, na ukae naye akila. Mkate wenye asali usimpe kabla ya mwaka mmoja, kwa sababu asali inaweza kubeba vijimbegu vya botulizimu ambavyo joto la kuoka mkate haliviui. Mkate wenye karanga au korosho nzima au vipande vikubwa usubiri hadi miaka mitano. Ufuta hauna shida ya kumkaba, ila nao ni kati ya vyakula vinavyoleta mzio.

Kati ya mwaka mmoja na miwili, changanya. Leo slesi ya dona, kesho mweupe, na juu yake kitu chenye mafuta na protini: parachichi, yai, siagi ya karanga iliyosagwa laini na kupakwa nyembamba. Baada ya miaka miwili ongeza dona taratibu, ili ikifika miaka mitano iwe ndiyo mkate wake wa kawaida. Ukiongeza ghafla, tumbo litajaa gesi. Na ukiongeza nyuzinyuzi bila maji, choo kitakuwa kigumu zaidi badala ya kulainika, na utaulaumu mkate bure.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, linapendekeza mtoto wa miaka 2 hadi 5 apate angalau gramu 15 za nyuzinyuzi kwa siku. Slesi mbili za mkate wa dona zinatoa gramu 4 hivi. Nusu kikombe cha maharage yaliyoiva kinatoa kama 6 au 7. Ongeza mchicha, ndizi, kipande cha papai, na umefika. Mkate una sehemu yake tu, na mtoto anayekula maharage mchana hana haja ya kulazimishiwa mkate mgumu asubuhi.

Bila duka kubwa

Mkate wa kweli wa ngano nzima, pale unapopatikana, ni ghali, na mara nyingi uko kwenye maduka makubwa ya mjini ambayo hayako njiani kwa watu wengi. Atta kwa kilo inapatikana zaidi, ingawa nayo soma mfuko: kuna atta ambayo ni unga mweupe uliochanganywa na pumba.

Nyumbani kwangu ninachanganya gramu 250 za atta na gramu 250 za unga mweupe ulioongezwa virutubishi, kijiko kimoja kidogo cha chumvi kisichojaa, kijiko kidogo cha hamira, vijiko viwili vikubwa vya mafuta, na maji ya uvuguvugu kama mililita 340. Atta hunywa maji kuliko unga mweupe, kwa hiyo donge likikunata usikimbilie kuongeza unga; liache dakika ishirini lilowe, kisha kanda. Naliacha usiku kucha kwenye friji, na asiye na friji apunguze hamira iwe robo na aliache mahali penye ubaridi. Asubuhi linaingia kwenye kikaango kirefu au sufuria iliyopakwa mafuta, linaumuka tena, halafu moto juu moto chini: makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko, dakika arobaini hivi. Inatoka slesi ishirini na zaidi, kila moja ikiwa na chumvi isiyozidi robo gramu na sukari sifuri. Ukitaka utamu, ponda tende tatu kwenye maji ya kukandia.

Na kabla hatujadhani mkate wa nafaka nzima ni jambo la wageni, kule pwani kuna mkate wa mofa, wa unga wa mtama, unaookwa kwa kubandikwa kwenye tanuri la udongo. Wazee wa Unguja na Mombasa waliukulia. Mtama hauna gluteni, ile protini ya ngano inayovuta donge, ndiyo maana mofa hauumuki ukawa mwepesi kama mkate wa kununua, na kwa mtoto mdogo sana ni mgumu, lakini uliochovywa kwenye mchuzi ni jambo lingine. Ulezi nao, ambao tumeufungia kwenye uji, unaingia vizuri kwenye mkate ukiweka sehemu moja ya ulezi kwa nne za ngano. Una kalsiamu zaidi ya miligramu 300 kwa gramu 100 za unga, kiasi ambacho nafaka nyingine hazikaribii.

Kuna mkate mmoja ambao rangi yake husema kweli, nao ni wa viazi lishe, vile viazi vitamu vya rangi ya machungwa. Rangi hiyo ndiyo beta karotini yenyewe, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Mganda Robert Mwanga na wenzake watatu walipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016, yeye akiwa mmoja wa waliovieneza viazi hivyo, na Kenya kuna waokaji wanaotumia viazi vilivyopondwa badala ya sehemu ya unga. Nyumbani, ondoa robo ya unga, weka kiazi lishe kilichochemshwa na kupondwa, punguza maji. Mkate unabaki laini siku ya pili bila kuongeza mafuta.

Mtoto aliyezoea mweupe ataukataa wa dona, hilo tulitarajie. Wangu aliutema mezani mbele ya wageni. Nilianza upya kwa robo ya atta, nikakaa hapo wiki mbili, nikapanda hadi theluthi, na ilichukua karibu miezi mitatu kufika nusu. Sijapanda zaidi ya hapo kwa sababu ana miaka mitatu na anakula maharage. Unga wa atta nanunua kilo mbili tu kwa wakati, maana mafuta ya kiini huharibika. Ukiufungua mfuko ukasikia harufu kama ya mafuta ya kukaangia yaliyokaa siku nyingi, hata ukauoka vizuri namna gani, utakuwa mchungu, na mtoto atakuwa na haki ya kuutema.